Usiue minyoo ukaacha mayai

Wengi wanaonitumia picha za matumbawe yao wanauliza, "Nitie dawa gani?" Mimi huwarudishia swali: umemwona mdudu gani, na mayai yake yako wapi? Sisi tunaofuga matumbawe majumbani huku Uingereza, karibu kila balaa tunalinunua wenyewe, limejificha kwenye kipande kipya kilichogandishwa kwa gundi juu ya kigingi chake, yaani kitako kidogo cha kukishikilia.

Anayeniudhi kuliko wote ni mnyoo bapa wa akropora, yale matumbawe yenye matawi. Kitaalamu anaitwa Prosthiostomum acroporae. Ni mwembamba mno, na kwa kuwa anakula nyama ya tumbawe, rangi yake inalandana nalo, kwa hiyo unaweza kumkodolea macho usimwone. Tafuta alama zake: madoa meupe ya mviringo, hasa upande wa tawi usiopigwa na taa, na rangi inayofifia kuanzia shinani kwenda juu. Kama vipimo vya chumvi na alkali viko sawa na tumbawe bado linapauka kuanzia chini, mshuku huyo.

Kuhakikisha ni rahisi. Litoe tumbawe, liweke kwenye beseni jeupe lenye maji ya tangi lako, kisha chukua lile bomba la mpira la kumwagia nyama mchuzi ikiwa ovenini na ulipulize kila upande, hasa chini. Fanya hivyo nje ya tangi, maana ndani samaki wataudaka mnyoo kabla hujautambua. Ukiona kijiutando kinabanduka na kujikunja chini ya beseni, jibu umepata.

Hapo sasa ndipo dawa ya kuchovya inapoingia, iwe ya iodini au yoyote inayouzwa kwa kazi hiyo. Fuata kipimo cha kwenye chupa, endelea kupuliza muda wote, kisha suuza kwa maji mengine safi ya chumvi. Maji ya dawa usiyarudishe tangini. Minyoo itaanguka, na hapo ndipo watu wanaposhangilia mapema.

Dawa za kuchovya haziui mayai. Mnyoo huyu anataga kwenye mifupa iliyokufa, pale nyama ilipokwisha, karibu na shina. Yako kwa mafungu, rangi ya kahawia, kama punje za ufuta ila madogo zaidi. Kwa joto la kawaida la tangi huanza kuanguliwa baada ya wiki moja na nusu hivi, na mengine huchukua hadi wiki tatu. Maji yakiwa baridi kidogo, muda unarefuka. Kwa hiyo ushauri wangu hauna mjadala: kata tumbawe juu ya sehemu iliyokufa kwa koleo, tupa shina pamoja na kigingi, na kipande kizima kigandishe kwenye kigingi kipya. Kiweke kwenye tangi la pembeni lenye taa, hita na pampu tu, na ukichovye kila wiki hadi miezi miwili ipite.

Kama wameshaingia tangi kubwa, toa akropora zote. Hawali kitu kingine, kwa hiyo tangi lisilo na akropora kwa miezi miwili litawamaliza kwa njaa. Samaki mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, atakusaidia kuwapunguza. Kuwamaliza hawezi, hata muuzaji akikuapia.

Kwenye montipora, matumbawe ambayo mengi huota kama bamba, adui ni konokono wa bahari asiye na gamba, mweupe, wa milimita chache tu, mwenye manyoya manyoya mgongoni. Geuza bamba uangalie chini, mayai yako huko. Dawa ni ile ile ya kuchovya na kurudia, na mayai unayakwangua kwa mswaki.

Vidudu vya manjano vyenye doa jekundu, nusu milimita tu, vinavyotembea juu ya akropora, vinahitaji lenzi kuviona. Vinauawa kwa milbemycin, dawa ya minyoo ya mbwa, lakini hiyo itaua pia kamba na kaa wako. Waondoe kwanza, na dawa yenyewe uipate kwa daktari wa mifugo.

Aiptasia, ile anemoni (mnyama laini mwenye minyiri) ya kahawia inayochipuka kila ufa wa jiwe, usiikate wala kuiponda. Kila kipande kinachobaki kinaota upya. Zima pampu, vuta uji mzito wa chokaa ya akwariamu kwa bomba la sindano, uuweke taratibu mdomoni mwake. Chache tu kwa siku, maana chokaa inapandisha pH.

Zoanthidi, jamaa laini za matumbawe, nazo zina konokono wao, ila hapo jihofie wewe kwanza. Baadhi yake, hasa palithoa, zina palitoksini, sumu kali ambayo imewafikisha watu hospitali. Vaa glavu na miwani unapozikata au kuzichovya, na usiskrabu jiwe lake likiwa kavu. Kuchemsha jiwe hilo jikoni ili "kuua kila kitu" ni hatari kabisa, mvuke wake unaweza kuifikisha nyumba nzima hospitali. Ukianza kubanwa kifua au kuwashwa macho baada ya kazi hiyo, toka nje, nenda hospitali, na uwatajie jina hilo la palitoksini, kwa sababu si sumu ambayo daktari wa zamu ataiwazia.