Maswali na majibu: Kumfikisha chuoni mtoto wa familia maskini

Sisi ni walimu watatu. Tunataka kuwasaidia wanafunzi wetu wasio na uwezo wafike chuo, na tumepanga kuanza na kongamano la kuwahamasisha. Tunakosea?

Kongamano lisubiri, walimu wangu. Kijana anayekuja kwenu tayari anataka chuo. Kinachomkwamisha ni fomu. Nchini Marekani watafiti walishirikiana na kampuni ya H&R Block, inayowajazia watu ritani za kodi. Baadhi ya familia za kipato cha chini zilisaidiwa palepale mezani kujaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa fedha za masomo. Nyingine zilipewa maelezo na makadirio ya msaada tu. Kwa matokeo yaliyochapishwa 2012, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliomaliza miaka miwili ya chuo walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36 pale wazazi waliposaidiwa kujaza. Maelezo matupu hayakubadilisha kitu.

Kwa hiyo fedha za ukumbi na maturubai zinunue skana, na zimlipe mshauri mwenye subira. Atakutana na cheti cha kuzaliwa chenye herufi moja tofauti na cheti cha shule, na herufi hiyo itampotezea wiki nzima.

Meseji za simu za kuwakumbusha wanafunzi si zinatosha? Mshauri ni ghali.

Hazitoshi. Zilifanya kazi katika majaribio madogo, hasa mwanafunzi alipoweza kujibu na kusaidiwa. Marekani walipozipeleka kwa wanafunzi wapatao 800,000, hazikuongeza waliojiunga na chuo.

Wanafunzi wetu hupata nafasi, lakini siku ya kuripoti wengine hawaonekani. Wanapotelea wapi?

Wanapotelea katika ile miezi ya katikati. Shule imeshawaaga, chuo hakijawapokea. Barua ya kudai amana ya chumba inatumwa kwenye baruapepe ambayo kijana aliifungua kwa ajili ya maombi tu, na nywila ameshaisahau. Tarehe inapita. Mwingine ana ada yote lakini hana nauli, na anaona aibu kusema.

Mkataba wa mshauri wenu usiishe shule inapofungwa; ndipo kazi yake inapoanza. Mpeni na kifungu kidogo cha dharura anachoweza kukitoa siku hiyohiyo bila kusubiri kikao cha kamati. (Kamati zina tabia ya kukutana basi likishaondoka.)

Mfadhili wetu anaondoka. Tufanyeje tusife?

Hamisheni mshahara wa mshauri uingie kwenye bajeti ya shule au ya chuo mapema, mfadhili akiwa bado yupo. Upward Bound, mpango wa Marekani wa kuwaandaa wanafunzi wa familia maskini kwa chuo, uliotokana na sheria ya 1964, upo hadi leo kwa sababu umo ndani ya sheria na bajeti ya serikali, ingawa wanaouendesha bado hulazimika kushindania ruzuku.

Pili, hesabuni wahitimu, msiishie kwa waliopokelewa. Vyuo vya miaka miwili vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York vilianzisha mpango wa ASAP mwaka 2007: mshauri wa karibu, vitabu, nauli. Katika tathmini yake, asilimia 40 walihitimu ndani ya miaka mitatu, dhidi ya 22 ya wenzao wasiokuwamo. Kila mwanafunzi aligharimu zaidi, lakini kila mhitimu aligharimu pungufu. Hesabu hiyo ndiyo ya kumwekea mhasibu mezani.

Mzazi mmoja amekataa kutuonyesha kipato chake.

Ana haki. Mwelezeni nani ataiona fomu, kisha mpeni kalamu ajaze mwenyewe.