Kukabidhi mtoto si kumtupa

Jumapili nimetoka zamu ya usiku, nikakuta ujumbe wa msomaji, binti wa kwetu anayeishi hapa hapa Houston, Texas. Ana mimba ya miezi minane, nyumba nzima anakokaa hakuna anayejua, na makaratasi ya kuishi Marekani hana. Aliuliza swali moja: "Dada, nikimtupa mtoto hospitali nitakamatwa?"

Nililia kwa sababu ya neno hilo. Ndilo nililosemwa nalo mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, mchana chuo, usiku nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee. Mimba niliificha ndani ya masweta makubwa. Nikajifungulia bafuni peke yangu, nimeng'ata taulo nisisikike. Leo ni muuguzi, na najua damu iliyonitoka usiku ule ingeweza kuniua. Siku ya tatu nilimfunga mwanangu kwenye kanga ya bibi, nikaenda mlango wa dharura wa hospitali, nikamweka mikononi mwa muuguzi. Aliniuliza kama mtoto ameumia, na kama mimi mwenyewe naendelea kutokwa damu. Jina hakuniuliza. Akanipa fomu ya historia ya afya ya ukoo, akasema nijaze nikipenda. Nikaandika kisukari cha babu na pumu ya mama. Urithi mwingine wa kumpa sikuwa nao.

Miezi miwili baadaye nilimweleza mama mdogo, na Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linajua. "Katupa mtoto." Watu niliokula nao pilau! Bado inaniuma, siwezi kuwadanganya.

Sikutupa. Texas ndiyo iliyotangulia Marekani nzima kutunga sheria ya kumkinga mzazi anayekabidhi mtoto wake mchanga, mwaka 1999, na watu huiita sheria ya Mtoto Musa. Kumbukeni Musa hakuachwa mtoni hivi hivi: dada yake alisimama kwa mbali akitazama. Kwa hiyo mpe mtu mkononi. Usimwache mlangoni, wala kwenye ngazi za kanisa. Hapa Texas mtoto awe hajazidi siku 60, awe hajadhuriwa, na umpeleke hospitali, kituo cha zimamoto au kituo cha magari ya wagonjwa. Ukifanya hivyo, sheria inakukinga.

Tangu 2008 majimbo yote 50 yana sheria kama hiyo, ila siku hazilingani. California ni saa 72, New York siku 30. Nebraska hawakuweka umri, na ndani ya miezi michache tu ya 2008 wazazi wakapeleka watoto 36, wengi wao wakubwa, mpaka bunge likarekebisha kuwa siku 30 wakati ule. Mimi nikisikia kisa hicho nawaonea huruma wazazi wale. Ulizeni sheria ya jimbo mnaloishi, msifuate ya jimbo la rafiki.

Na wewe usiye na makaratasi, nisikilize vizuri. Tangu 1986 kuna sheria ya shirikisho inayozibana karibu hospitali zote zenye idara ya dharura: mwenye uchungu lazima ahudumiwe, awe na bima au asiwe nayo, raia au si raia. Usijifungulie bafuni. Nenda hospitali, na ukishajifungua waambie pale pale kitandani kwamba hutaondoka na mtoto. Mpe mtu mkononi. Ukibadili mawazo, rudi upesi, maana ustawi wa jamii hupeleka shauri mahakamani, na baada ya hapo kumpata tena ni vigumu mno.

Nanyi mama wadogo na mashangazi, binti akivaa sweta mwezi wa saba kwenye joto la Texas, mketisheni mumuulize kwa upole. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Yule binti nimemjibu. Kumbe hajawahi kwenda kliniki hata mara moja. Nimebadilishana zamu na mwenzangu, Alhamisi asubuhi nampitia.