Maksai wa Msalato: maswali yenu kuhusu kufunguliwa na dhambi

Maswali ya mwezi huu mengi yamekuja kwa simu, machache kwa karatasi, na moja nililetewa na mtoto wa jirani likiwa ndani ya bahasha ya dawa. Karibu yote yanauliza kitu kimoja: nimeshatubu, mbona bado nimefungwa? Nimeyafupisha na kuondoa majina.

Shikamoo mchungaji. Nina miaka 24, naendesha bodaboda Nkuhungu. Nimeokoka mara tatu, kila mara kwenye mkutano wa injili. Naacha kubeti wiki mbili tatu, halafu narudi. Juzi nimebetia hela ya hesabu ya bosi. Nimeokoka kweli au najidanganya?

Marahaba, mwanangu. Mjomba wangu alinunua maksai mnadani Msalato. Akalipa, akaandikiwa karatasi, akamswaga hadi kwake Makutupora. Usiku wa tatu tukakuta zizi tupu. Tulimpata kwa mwenyewe wa zamani, amesimama nje ya boma la miiba akisubiri kufunguliwa kama ilivyokuwa desturi yake. Yule mzee aliyemuuza hakusema, "Amerudi, basi ni wangu." Alicheka, akatutupia kamba. Maksai yule alitoroka mara nne kabla hajazoea, na mara zote nne alikuwa mali ya mjomba, na mara zote nne mjomba alimfuata.

Soma Warumi 6. Paulo anazungumza habari ya kubadili bwana: mliokuwa watumwa wa dhambi mmewekwa huru, sasa ninyi ni wa Mungu. Bei ilikwisha kulipwa msalabani. Kisha geuza ukurasa, usome mlango wa 7: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Wahubiri wengine hupenda mlango mmoja tu kati ya hiyo miwili, na nadhani ndiyo maana vijana wetu wanapita mbele kila mkutano kama wanaoandikishwa upya. Kama ulimwamini Kristo ile mara ya kwanza, mara zile mbili nyingine hukununuliwa tena. Ulirudishwa nyumbani.

Lakini usiligeuze hilo kuwa kibali cha kutoroka. Paulo mwenyewe aliuliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, akajibu, "Hasha!" Na mjomba hakuishia kumrudisha maksai, aliziba na tundu la zizi. Tundu lako liko kwenye simu. Futa programu ya kubeti leo. Ile laini yenye hela mkabidhi mama yako kwa muda. Hesabu ya bosi ipeleke kila jioni kabla hujala. Na hiyo uliyoibetia, kamwambie bosi mwenyewe, asiisikie kijiweni.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mweka hazina wa kikoba hapa Kibaigwa. Mwaka jana, wakati wa njaa, niliandika mkopo wa 180,000 kwa jina la mama mmoja aliyehama, hela nikachukua mimi. Nimetubu kwa Mungu kwa kufunga na machozi. Ni lazima niwaambie wenzangu?

Ameni. Ndiyo, ni lazima.

Mungu anasamehe, na machozi yako siyadharau. Ila fungua lile daftari. Mstari ule bado upo, na unasema kuna mwanamke alikopa akakimbia. Kila mnapokutana jina lake linasomwa kwenye orodha ya wadaiwa, na wewe ndiye unayelisoma. Kwa hiyo dhambi yako haikuisha mwaka jana, unaitenda tena kila wiki kwa sauti yako mwenyewe. Utapataje amani?

Sheria ya Musa iliagiza mwenye kudhulumu aungame, arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Kwako hiyo ni 180,000 na 36,000 juu yake, jumla 216,000. Zakayo, yule mtoza ushuru, alikwenda mbali zaidi, akaahidi mara nne. Angalia lakini mpangilio wa habari ile: Yesu alikuwa ameshasema atashinda nyumbani mwa Zakayo kabla senti moja haijarudishwa. Zakayo hakurudisha ili akubaliwe. Alirudisha kwa sababu alikuwa amekubaliwa, na mikono ikaanza kulegea.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakwenda na bibi kwenye ushirika wa ndugu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaja kushika hata huku Ugogo, mpaka leo wazee wasiojua neno jingine la Kiganda wanaimba Tukutendereza. Wao walikuwa na msemo wa "kuweka nuruni", yaani kuungama dhambi wazi mbele ya wenzako. Nakumbuka mzee mmoja alisimama akiwa ameshika jembe lililolika makali hadi nusu. Akasema ni la jirani yake, alilichukua shambani miaka mingi nyuma. Jirani alikuwepo, amekaa benchi la mbele. Hakuna aliyecheka. Walikumbatiana jembe likiwa katikati yao, na sisi watoto tukaogopa litamkata mtu.

Anza na mwenyekiti peke yake. Nenda na kiasi ulichonacho mkononi na mpango wa kulipa kilichobaki. Omba jina la yule mama lisafishwe mbele ya wanachama wote, na atafutwe aambiwe. Watakutoa kwenye uweka hazina, kubali. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na washika funguo watatu kwa sababu waliolibuni waliujua moyo wa mwanadamu, hata wangu.

Mchungaji, niko ofisi ya umma, tulihamia Dodoma na Serikali. Mteja nikishamhudumia akaniachia "ya soda" bila mimi kuomba, nayo ni dhambi?

Wewe unakaa Ugogo, basi jua historia ya neno hongo. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ikifika huku ililipa hongo kwa watemi ili ipite na kuteka maji. Ililipwa kwa nguo, shanga na waya, mchana, mbele ya watu, baada ya mabishano ya siku kadhaa. Ilikuwa ushuru. Hongo ya siku hizi inapita chini ya faili. Jipime hivi: ungeipokea huku mteja anayefuata kwenye foleni anakuangalia? Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao, na soda ya leo ndiyo itakayokufanya kesho umwone haraka mwenye soda.

Nalima zabibu Hombolo, nauza kwa watengeneza mvinyo. Wapendwa wenzangu wanasema nimefungwa na roho ya ulevi kupitia shamba.

Shamba la zabibu halina roho ya ulevi. Lina ukungu na bei mbaya. Biblia inakataza kulewa (Waefeso 5:18), na Paulo huyo huyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Kama dhamiri yako inakusumbua, zipo zabibu za kula na za kukausha. Kama haikusumbui, palilia.

Babu yangu alikuwa mganga. Mtumishi mmoja anasema laana ya ukoo ndiyo inanirudisha dhambini, na kwamba ninahitaji chupa saba za maji ya upako, kila moja 50,000.

Hiyo ni 350,000. Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na Petro akamjibu fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Hofu yako siibezi, najua nyumba zilizolelewa ndani ya hofu hiyo. Lakini Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana. Kama bado kuna vitu vya babu ndani ya nyumba na vinakutisha, waite wazee wa kanisa waje waombe pamoja nawe. Wape chai, inatosha.

Mwaka 2009 mama alinipa hela nimnunulie dawa za presha mjini. Nikaila, nikamwambia dawa zimeisha dukani. Baada ya wiki tano alifariki. Nimetubu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Aliyekosewa hayupo, nitamwomba nani msamaha? Hata dada yangu aliye Bahi, naye sasa ana presha, hajui.

Barua hii ndiyo iliyokuja kwenye bahasha ya dawa. Nimeisoma usiku mbili.

Daudi alipoandika Zaburi ya 51, Uria, yule aliyemchukulia mke kisha akamfanyia hila auawe vitani, alikuwa ameshakufa. Hakukuwa na mlango wa kwenda kubisha. Akasema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako," na nabii Nathani akamwambia BWANA ameiondoa dhambi yake. Naamini hata wewe ulisikiwa ile mara ya kwanza. Yohana aliwajua watu wa namna yako alipoandika kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Kwa hiyo usitubu tena kwa ajili ya jambo hili. Likikujia usiku, shukuru, hata kama sauti inagoma. Na kama dawa zile zingemwongezea mama siku, hilo si lako kulihesabu.

Ila dada yako yupo. Nenda Bahi, mwambie alipo peke yake. Anaweza kulia, anaweza kunyamaza mpaka jioni. Usijitetee na usimharakishe. Na kabla hujafika stendi, pitia duka la dawa ununue za kwake.