Mwenye fimbo asipewe kiti cha unasihi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa, kidato cha pili, shule ya bweni Morogoro. Msichana mmoja amebadilika tangu arudi likizo: halali, anaacha chakula, daftari tupu. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye pia wa nidhamu, na msichana hataki kumwona. Wazazi wanasema ni uvivu. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi aliyechapwa Jumatatu hawezi kumfungulia moyo mtu yuleyule Jumatano. Mwombe mkuu wa shule ateue wanasihi wengine, mwanamke na mwanamume, wasioshika kabisa zamu ya adhabu.

Wakati huo zungumza na msichana wewe mwenyewe. Msikae ofisi ya walimu, ambako kila aingiaye atauliza, "Huyu kafanya nini?" Benchi chini ya mti linafaa: mnaonekana, hamsikiki. Kwanza mweleze mpaka wa siri: "Utakayoniambia hayatafika bwenini. Ila ukiwa hatarini, au kuna anayekuumiza, nitamwita wa kutusaidia, na nitakuambia kabla." Ukiahidi siri yote, siku ya kulazimika kuivunja utampoteza yeye na wenzake.

Kisha taja ulichokiona, si alama zake: "Wiki hizi mbili humalizi chakula." Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Tunajaza kimya kwa mawaidha, "jikaze, mbona wenzako," naye anajibu "niko sawa, mwalimu," na mazungumzo yameishia hapo.

Kwa kuwa alibadilika baada ya likizo, usiwaite tena wazazi kabla hujamsikiliza. Huenda kinachomwumiza kiko nyumbani. Akitaja ukatili, njia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto polisi. Simu ya watoto 116 ni bure.

Akisema amechoka kuishi, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na masomo yakiwa yameharibika, si uvivu. Apelekwe kituo cha afya, apimwe na wingi wa damu, maana upungufu wake nao huleta uchovu. Tazameni pia ratiba yenu: prepo ikiisha saa nne usiku na kengele ikilia saa kumi alfajiri, amelala kwa muda wa saa 6 tu, ilhali umri huo unahitaji 8 hadi 10.

Kama nyumbani ni salama, waite wazazi pamoja na mnasihi na matroni. Neno "ugonjwa wa akili" lisitangulie, maana wazazi wengi husikia "kichaa". Anzeni na hesabu: usiku ngapi hakulala, milo mingapi aliacha. Kila mmoja aondoke na kazi moja: matroni chakula, wewe kumpunguzia mazoezi ya darasani, mzazi kupiga simu Jumapili bila kuuliza matokeo. Mkutane tena baada ya wiki mbili.

SWALI: Mwanangu ameanzishiwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Shule iambiwe?

JIBU: Ndiyo, mama, lakini si shule nzima. Mwambie mnasihi na matroni atakayezitunza kabatini. Waeleze kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, na kwamba akichangamka zisikatishwe bila daktari. Katika siku za mwanzo za dawa wamwangalie kwa karibu zaidi. Hali ikibadilika ghafla wampigie daktari bila kungoja tarehe ya kliniki.