Gongo la kriketi: linyanyue kwanza, uzuri wake utautazama baadaye

Tuelewane mapema: gongo ninaloongelea ni la kuchezea. Siku moja nilimwambia bodaboda wa Sabasaba, hapa Dodoma, "Angalia hilo begi kaka, lina gongo." Aligeuka akanitazama mara mbili.

La kwanza nilichongesha kwa fundi seremala pale Majengo. Akachagua mninga. "Kijana wangu, huu hata mchwa hauugusi." Kweli haujaguswa, mama analiegemezea mlango wa stoo mpaka leo. Liling'aa kama kitanda cha harusi, ila lilikaribia kilo mbili, na kila nikipiga, mpira unadondoka miguuni huku viganja vinawaka moto. Mninga ni mgumu, haubonyei. Gongo linataka mti mwepesi wenye nyuzi zinazobonyea kidogo mpira ukitua, kisha zinaurudisha. Ndiyo maana wachongaji wa Uingereza wameng'ang'ania mwerebi, huu tunaousoma kwenye Biblia, na ubao wake wanaushindilia kwa mashine ili uso ukaze. Isitoshe, fundi wangu alilitanua hadi sentimita 13, wakati sheria inaishia milimita 108. Ujanja huo ni wa zamani: mwaka 1771 mchezaji mmoja aliingia na gongo pana kama wiketi, yaani vile vijiti anavyovilinda mpigaji, ndipo wapinzani wake wakadai kikomo kiwekwe.

Ukipata la kununua, usianze kuhesabu mistari ya mbao kama wanavyofanya wengi. Linyanyue kwa mkono wa juu peke yake, ule unaoshika mwisho wa mpini. Kifundo kikilemewa, liache, hata kama mizani inasoma kilo 1.2. Magongo mawili ya uzito mmoja hunyanyuka tofauti, inategemea mchongaji kaacha unene wapi. Kisha ligonge usoni kwa mpira mkuukuu, usikilize. Zuri hulia "ko!" na mpira unaruka wenyewe, bovu hujibu "pu" kama mlango uliolowa. Mwisho kagua pale mpini wa henzirani unapoingia kwenye ubao kwa umbo la V. Pitisha ukucha. Ukinasa kwenye upenyo, rudisha.

Mistari? Ikibanana, gongo huwahi kuchangamka na huwahi kuchoka. Basi.

La pili lilikuwa mwerebi halisi, la mtumba, na nililiua mwenyewe. Nililisahau kwenye buti ya gari, mwezi wa nane, jua la Dodoma na upepo huu unaopasua midomo. Nilipolitoa lilikuwa na ufa kutoka ncha ya chini, urefu wa kidole. Siku hizi napaka mafuta mabichi ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, tabaka jembamba, usoni, pembeni na nchani. Kwenye kiungo cha mpini sipaki, na silowanishi. Likinywa sana linakuwa zito na kufa sauti.

Jipya huwa nalipigapiga kwa nyundo ya mbao saa sita hivi, nikikazia kingo, kabla halijakutana na mpira wa ngozi. Nagawanya kwa jioni kadhaa. Jioni ya tatu jirani alibisha hodi kuuliza kama ndani tunatwanga.