Zilipendwa baada ya arobaini

Shikamoo Shangazi. Niko Uyole, Mbeya. Mume wangu alifariki mwezi wa pili. Usiku watoto wakishalala, navaa hedifoni nasikiliza zilipendwa alizozipenda, au nasoma riwaya alizoacha. Ya mwisho ina tiketi ya basi la Tukuyu kwenye ukurasa wa 87, alipoishia. Nikifika hapo narudi mwanzo. Wifi alinikuta nasikiliza, akasema kwaya sawa, lakini muziki wa dansi ni wa mwanamke aliyekwishasahau. Je, nakosea?
Mama wa Wawili

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote ile tiketi imenishika.

Hukosei. Aliyesahau hakeshi na nyimbo za marehemu. Wifi yako naye usimwekee kinyongo. Amefiwa na kaka yake, na huenda wimbo ule ulimchoma kwa sababu anaujua. Siku akija tena, muulize kaka yake aliupendea nini. Ila hilo la kwaya ndiyo, dansi hapana, silikubali. Hapo jirani yenu Rungwe, mababu wa Kinyakyusa walilia na kucheza ngoma kwenye msiba uleule, na marehemu hakuhesabiwa kuwa amedharauliwa. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, Amina, alimtungia shairi la maombolezo, na hadi leo wapo wanaolisoma wakapata pa kulilia wafu wao. Nawe umepata pako. Usiache.

Kinachonitia wasiwasi ni hedifoni. Wanao wamefiwa na baba, na nyimbo hizo walizisikia akiwa hai. Sasa zimehamia masikioni mwako, usiku, wao wamelala. Wanaona mama ana mahali anapokutana na baba, na wao hawakaribishwi. Watoto hawasemi jambo hili, mwanangu. Wanakaa nalo tu. Chomoa hizo hedifoni. Weka wimbo mmoja jioni, wakati unasonga ugali, sauti ya kiasi. Mmoja akilia, mwache alie, nawe ukilia usiwafiche. Akianza kucheza, usimkemee.

Na kama usingizi umekukimbia kabisa, au chakula hakipiti, nenda hospitali umweleze daktari. Hilo halisubiri.

Sasa kitabu. Najua kwa nini unarudi mwanzo: ukivuka ukurasa wa 87 utakuwa unasoma asichokisoma yeye. Naelewa, na sikuharakishi. Lakini usiuvuke peke yako. Jumamosi moja, shughuli zikiisha, mwite mkubwa akae karibu yako, mfungulie penye tiketi, mwambie baba aliishia hapa. Mweleze kwa kifupi hadithi imefika wapi. Kisha msomee kwa sauti, hata kurasa mbili tu. Mkichoka, wekeni tiketi mlipoishia ninyi.