Bidii ipo, lakini sambaza yuko wapi?

Swali la wiki hii liliuliza: "Je, kweli bidii ndiyo ufunguo wa mafanikio?" Wengi watajibu ndiyo, kisha watatia methali. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, watasema. Methali nzuri, ila aliyeitunga hakuvua Ziwa Kivu. Hapa Bukavu, Kongo, kando ya ziwa hilo, ukigaagaa ufukweni mchana kutwa, wali wako utaula mkavu tu, maana mchana sambaza, samaki wetu mdogo wa ziwani, hayuko juu.

Bidii siikatai. Ninachokataa ni kuiita ufunguo, kwa sababu katika biashara ya sambaza karibu kila mtu anayo, kuanzia mpiga kasia hadi mama mwenye beseni kichwani, na bado wengi wanalala na deni.

Tuanze majini. Kina cha Kivu kinakaribia mita 485, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, mita 60 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni, maji yamejaa gesi. Sambaza mwenyewe ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu haikuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea katikati ya ziwa. Mchana vijidudu hivyo hushuka kukimbia mwanga, naye anashuka. Usiku vinapanda, naye anapanda. Ndiyo maana mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mkaratusi huondoka jioni, watu wakiimba ili kasia zishuke pamoja, na kurudi alfajiri.

Taa hukusanya vijidudu, vijidudu huleta samaki, wavu unasubiri chini. Sasa ngoja mwezi uwe mpevu. Ziwa lote limeangaza, taa haina cha kuvuta, samaki wametawanyika. Ekipe, yaani kundi la wavuvi wa mitumbwi hiyo, inaweza kupiga kasia hadi alfajiri, ikateremsha wavu mara tano, ikarudi na beseni moja. Jasho la usiku huo ni lile lile la usiku wa giza, pengine zaidi kwa sababu ya hasira. Wazoefu hawashindani na mwezi. Siku hizo wanashona wavu, wanaziba mitumbwi, wanalala. Mpita njia akiwakuta kivulini atasema ni wavivu.

Hata usiku wa giza, nguvu inaweza kuharibu. Wavu lazima upande sawasawa pande zote. Kijana mwenye misuli akivuta upande wake haraka kuliko wenzake, wavu unainama na samaki wanamwagika ziwani. Betri nayo ikichoka saa nane za usiku, samaki waliokusanyika wanaondoka na giza. Kuna pia bidii ya hasara: chandarua cha mbu badala ya wavu halali. Kinabeba kila kitu, hata sambaza wachanga ambao hawajataga. Mwezi huu beseni linajaa, na mwaka ujao watu wanauliza samaki wamekwenda wapi.

Asubuhi ikifika, mwenye mitumbwi na wavu anatoa kwanza gharama za taa na matengenezo, kisha anachukua fungu lake, ndipo wapiga kasia wanagawana kilichobaki. Aliyelala nyumbani anapata kuliko aliyekesha. Sisemi ni wizi, wavu ni ghali na unachanika. Lakini anayesema mafanikio yanafuata jasho aeleze hapo jasho liko upande gani.

Mambo mengi zaidi yako kwenye kukausha, kazi inayofanywa hasa na akina mama, na ndipo pesa nyingi inapopotelea. Samaki mdogo kama huyu ni maji robo tatu na zaidi. Kilo 20 mbichi zinabaki kilo 5 kavu, mara nyingi 4. Kwa hiyo kama kilo kavu sokoni Kadutu haifiki mara tano ya bei uliyonunulia mbichi, pamoja na chumvi na gunia, usikaushe. Uza mbichi asubuhi hiyo hiyo. Wako wanaoona kilo kavu ina bei mara tatu ya mbichi, wakafurahi, wakahangaika juani siku tatu. Mara tatu hapo ni hasara tupu, na hakuna bidii itakayoigeuza.

Ukiamua kukausha, osha kwa maji safi, si ya ufukweni ambako watu wanafulia. Yeyusha kilo 1 ya chumvi katika lita 10 za maji, loweka dakika 15, chuja. Kisha tandaza juu ya kichanja cha wavu au waya, kimo cha mita moja hivi, safu moja tu. Watu wanapenda turubai chini kwa sababu ni rahisi, ila samaki hukauka upande wa juu na kuchemka upande wa chini, mchanga unaingia, na kuku wanajihudumia. Kwenye kichanja upepo unapita chini pia. Siku ya kwanza geuza kila saa mbili. Jioni ingiza ndani, lakini usirundike wakiwa bado na joto. Mchukue mmoja umkunje: akivunjika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji.

Yule anayepinda ndiye kishawishi kikubwa. Ana uzito, na uzito ni pesa, hivyo mtu anafunga gunia mapema. Baada ya wiki moja ukungu umeingia, mafuta yamegeuka manjano na kutoa harufu kali, na mnunuzi aliyekuja kutoka mbali harudi tena. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua ya Bukavu haina adabu, inakuja mchana jua likiwa bado linawaka. Asiye na turubai la kufunikia karibu na kichanja bora akaange. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi cha kukausha kwa wingi.

Halafu kuna deni. Wengi wanakopa dola na kuuza kwa franka. Tuseme umekopa dola 100 siku ambayo dola moja ni franka 2,800. Siku ya kulipa imefika 2,900. Umeshaongezewa franka 10,000 za kulipa kabla ya riba, na hukukosea popote. Anayeuza kwa franka akope kwa franka. Na mabenki yalipofungwa mapema 2025 vita vilipofika mjini, hata mwenye akiba hakuweza kuigusa.

Ndiyo sababu akina mama wengi wanategemea aveki, vikundi vya akiba na mikopo vya mtaani. Likelemba, mchango wa kupokezana, inampa kila mtu zamu ya kupokea, lakini zamu yako ikiangukia wakati wa mwezi mpevu haikusaidii kununua samaki. Aveki inafuata hitaji. Wanachama 15 hadi 25, kila mkutano mtu ananunua hisa 1 hadi 5, anaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, analipa ndani ya miezi mitatu, na baada ya mwaka hivi wanagawana yote. Inapovunjika, mara nyingi ni kwa sababu mwenyekiti alijikopesha zaidi ya kanuni, au mikopo iliendelea kutolewa hadi wiki ya mwisho na wakopaji hawakuonekana siku ya kugawana.

Na kwa kuwa swali lilikuwa la ufunguo: sanduku la aveki lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanachama watatu tofauti, ambao si viongozi. Mmoja wao akienda msibani Uvira na ufunguo mfukoni, siku hiyo hakuna anayekopa, na sambaza wa alfajiri watanunuliwa na wengine.